Makumbusho Ukingoni mwa Korongo: Mpangilio wa Nafasi huko Oldupai

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, nalo humchukulia mtazamaji kuwa mtu aliyekwisha kulijua jambo akalisahau. Hapo ndipo unapoanzia ugumu wa kusanifu jumba linalohusu chimbuko la binadamu, kwani ushahidi wake umo ardhini, wala haumo katika kumbukumbu za watu.

Huko Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, ushahidi huo u wazi. Maji yameikata ardhi kwa kina cha mita 90 hivi, na kuta zikadhihirisha matabaka yaliyolaliana, moja likitambulikana kwa wekundu wake. Ndiyo maana neno korongo lafaa zaidi kuliko bonde, ambalo halisemi lolote juu ya mkato wa maji. Katika tabaka la chini kabisa, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alilivumbua fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi.

Jumba jipya lililofunguliwa mwaka 2017 limesimama ukingoni mwa korongo hilo, na hiyo ni faida ambayo majumba ya mijini hayanayo: mtazamaji aweza kuyaacha masanduku ya vioo, akatoka nje, akaliona tabaka lenyewe. Yafaa basi maonyesho yafuate mpando wa matabaka, si orodha ya tarehe. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 hivi, ni shida ya namna nyingine. Njia iliyofukuliwa miaka ya 1978 na 1979 ilifukiwa tena ili isiharibike. Kinachoonyeshwa ni nakala, na kibao hakina budi kusema hivyo.

Lipo pia suala la jina. Oldupai ni neno la Kimaasai, jina la mkonge wa porini uotao hapo. Olduvai ni maandishi ya wageni waliolisikia vibaya. Na mwaka ule ule wa 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti, eneo la Ngorongoro likatengwa. Tangu 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango uliozua ubishi mkubwa. Maonyesho yanayokomea kwenye zana za mawe huifanya nchi hiyo ionekane tupu. Chumba cha mwisho chahitaji dirisha lielekealo malishoni, na maelezo yaandikwe kwa Kimaasai na Kiswahili kabla ya Kiingereza.