Je, Wajua? Grenache Kwenye Rafu za Nakuru

Je, wajua kwamba huenda umeshakunywa Grenache mara nyingi na hujui? Zabibu hii ina majina kama mtu anayekwepa wadai. Hispania, ambako inaaminika ndiko ilikotoka, inaitwa Garnacha. Kisiwani Sardinia, Italia, ni Cannonau. Wafaransa ndio wanaoiita Grenache, lakini mara nyingi hata wao hawaiandiki mbele ya chupa. Wanaandika jina la eneo, Côtes du Rhône, halafu mnunuzi ajijue. Ukisimama mbele ya rafu ya supamaketi pale Nakuru ukilitafuta neno Grenache peke yake, utaondoka mikono mitupu na chupa zake zimekutazama muda wote.

Na rafu zenyewe zina historia ya hapa hapa. Je, wajua kwamba Naivas na Tuskys zote zilianzia Rongai, kaunti ya Nakuru, na kwamba Nakumatt, ambayo sasa haipo tena, ilianza kwa kuuza magodoro mjini Nakuru? Biashara ya supamaketi za Kenya imelelewa na Bonde la Ufa.

Je, wajua kwamba chupa iliyoandikwa jina la zabibu moja si lazima iwe na zabibu hiyo tupu? Afrika Kusini na nchi za Umoja wa Ulaya zinataka asilimia 85 tu. Marekani inaridhika na 75. Asilimia zilizobaki mtengenezaji anachanganya atakavyo, na kwa Grenache mchanganyiko mara nyingi ni baraka. Herufi GSM ukizikuta kwenye lebo hazihusiani na simu: ni Grenache, Syrah na Mourvèdre, utatu wa kusini mwa Ufaransa ambao Australia na Afrika Kusini wameuiga kwa mafanikio. Syrah ndiyo hiyo hiyo Shiraz.

Je, wajua kwa nini mvinyo huu ni mwepesi wa rangi? Ganda la Grenache ni jembamba, na wekundu wa mvinyo hutoka kwenye ganda. Mtu aliyezoea mvinyo mzito mweusi-mweusi akimiminiwa Grenache hudhani muuzaji ameongeza maji. Hakuna maji. Kama shaka yako ni ya uhalali wa chupa, rangi haitakusaidia. Angalia stempu ya ushuru ya KRA, uipime kwa programu ya simu iitwayo Soma Label, inayotolewa na mamlaka hiyo bila malipo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowagusa wengi. Je, wajua kwamba Grenache kavu inaweza kukudanganya kuwa ina sukari? Wengi wetu tuliingia kwenye mvinyo kupitia mlango wa utamu: 4th Street, Four Cousins na jamaa zao wa Afrika Kusini. Siku ukiletewa Cabernet Sauvignon ya bei rahisi, ulimi unakauka kama uliomung'unya ndizi mbichi, unaapa kwamba mvinyo mkavu ni wa wenye kujionyesha. Kinachokausha ulimi ni tanini, ambazo hutoka kwenye ganda na mbegu, na Grenache huwa nazo chache na laini. Juu yake kuna harufu ya matunda yaliyoiva sana, stroberi na rasiberi, na nyuma kidogo pilipili manga nyeupe. Kileo chenyewe kikiwa kingi nacho huleta utamu wa mbali mdomoni. Sukari haipo, au ipo ya kubahatisha, ila kinywa kinaridhika. Kama kuna mtu nyumbani anayetaka kuacha mvinyo wa sukari bila kuteseka, ningemwanzishia hapa kabla ya kumpeleka kwingine kokote.

Ila tahadhari! Je, wajua kwamba glasi moja ya Grenache ni sawa na Tusker nzima? Zabibu hii huchelewa kuiva, na kadiri inavyokaa juani ndivyo sukari inavyopanda, kisha hamira inaigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Asilimia 14 au 14.5 ni jambo la kawaida. Piga hesabu: glasi ya mililita 150 yenye asilimia 14.5 ina mililita 21.75 za kileo halisi. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Chupa ya mvinyo inatoa glasi tano. Mwenye kujisifu kwamba "mimi leo ni mvinyo tu" kisha akamaliza chupa peke yake amekunywa bia tano na zaidi, na barabara ya Nakuru kwenda Nairobi haina huruma na hesabu za namna hiyo.

Serikali nayo imepiga hesabu hiyo hiyo. Je, wajua kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa mvinyo Kenya haufuati tena ujazo wa chupa bali nguvu ya kileo kilichomo? Kiwango kilichowekwa ni shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14.5 ina sentilita 10.875, kwa hiyo inabeba kama shilingi 245 za ushuru huo peke yake. Mvinyo mtamu wa asilimia 8, chupa ya ukubwa ule ule, unabeba shilingi 135. Bado hujaongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, nauli ya meli na faida ya mwenye duka. Ukikuta Garnacha ya bei nafuu, na kwangu nafuu ni isiyozidi shilingi 2,000, ujue sehemu kubwa ya pesa zako haikununua zabibu. Ndiyo sababu sifukuzii chupa ya bei ya chini kabisa: pale chini unalipia ushuru na glasi ya chupa, kilichomo ndani ni nyongeza.

Garnacha za Campo de Borja na Calatayud, kaskazini-mashariki mwa Hispania, ndizo ninazozitafuta kwanza. Mizabibu huko mingi ni ya zamani, mvua ni haba, na Grenache huvumilia ukame kuliko wenzake. Bei ya ardhi na majina bado haijapanda kama ya Ufaransa.

Je, wajua kwamba kijiji maarufu kuliko vyote kwa Grenache kimepiga marufuku visahani vya angani? Mwaka 1954 meya wa Châteauneuf-du-Pape, Ufaransa, alitoa amri kwamba chombo chochote cha namna hiyo kisitue katika eneo la kijiji hicho. Hadi leo hakuna kilichotua.

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba mvinyo wa zabibu unatengenezwa kaunti ya Nakuru yenyewe? Karibu na Naivasha, shamba la Morendat, Rift Valley Winery inakuza mizabibu na kutoa mvinyo uitwao Leleshwa. Leleshwa ni kile kichaka cha majani ya kijivu kinachojaa kuanzia Naivasha, Gilgil hadi Elementaita, chenye harufu ya kafuri, ambacho majani yake Wamaasai wameyatumia tangu zamani kujinukiza kwapani. Wana Sauvignon Blanc nyeupe, wana ya waridi, na nyekundu yao ni Shiraz. Miaka ya 1980 palikuwa pia na Lake Naivasha Vineyards, kando ya ziwa. Ukumbuke kwamba wakati huo Mkenya akiambiwa mvinyo wa nyumbani alifikiria ule wa mapapai wa Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoundwa mwaka 1969. Vijana wa leo hawaamini wakiambiwa.

Je, wajua kwamba mzabibu wa Naivasha haulali? Ulaya baridi huukausha majani nao ukapumzika miezi kadhaa. Hapa karibu na ikweta hakuna majira hayo, kwa hiyo mkulima ndiye anayeamua mwaka wa mti uanze lini: akikata matawi, mti unaanza upya. Dodoma, ambako mizabibu iliingia kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki, huvuna mara mbili kwa mwaka. Kinachoiokoa Naivasha na joto la ikweta ni mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mchana jua kali, usiku sweta, na usiku huo wa baridi ndio unaohifadhi uchachu ndani ya zabibu.

Hapo ndipo mtu wa Nakuru ana nafasi ambayo wengine hawana. Chukua Garnacha ya Hispania, sehemu mbili, na Leleshwa Shiraz sehemu moja, changanya kwenye jagi. Shiraz inaleta rangi, uti wa mgongo na pilipili; Garnacha inaleta tunda na ulaini. Wajuzi watakunja uso. Wafaransa wa bonde la Rhône wanafanya kazi hiyo hiyo kila mwaka na kuiuza ghali.

Je, wajua kwamba waonjaji wenyewe hawakubaliani hata na nafsi zao? Mmarekani Robert Parker ndiye aliyeeneza alama za kufikia 100 katika jarida lake lililoanza mwaka 1978, na alama hizo zinaanzia 50, yaani hata mvinyo mbovu kabisa una nusu ya mtihani mkononi. Robert Hodgson, mtengenezaji wa mvinyo aliyekuwa pia mtaalamu wa takwimu, aliwapima waamuzi wa mashindano ya California kwa kuwapa mvinyo wa chupa moja mara tatu bila wao kujua. Ni kama mmoja kati ya kumi tu aliyetoa alama zinazokaribiana. Huko Bordeaux, Frédéric Brochet alitia rangi nyekundu isiyo na ladha kwenye mvinyo mweupe, akawapa wanafunzi 54 wa fani hiyo, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wa maonjo zaidi ya 6,000 ya kufichwa lebo, ulionyesha kwamba watu wasio wataalamu hawafurahii zaidi mvinyo wa bei kubwa. Kwa kweli waliufurahia kidogo chini.

Basi onjesheni wenyewe, kwa bei ya kuchangishana. Chupa nne zinatosha watu wanane. Zivikeni bahasha za kaki hadi shingoni, muandike namba, na anayezivika asizimimine. Glasi za maji zinafaa mradi hazinuki sabuni, maana harufu ya sabuni imeangusha mvinyo mwingi usio na hatia. Mimina kidogo, zungusha, nusa kabla ya kunywa, kisha uache mvinyo ukae mdomoni kabla ya kumeza au kutema. Kutema si utovu wa adabu, ndoo iwekwe. Badala ya alama za mia, mimi napenda kila mtu aandike shilingi: huu ningeulipia ngapi? Bahasha zikivuliwa, linganisheni na risiti. Mashemeji wenye maneno mengi hunyamaza hapo.

Mvinyo ukinuka katoni iliyolowa, msimlaumu mkulima. Ni kizibo kilichoharibika, na chupa nyingine ya aina ile ile inaweza kuwa nzuri sana. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha haina kizibo cha kukuletea tatizo hilo, kwa hiyo usiidharau.

Je, wajua kwamba "joto la chumba" linalosemwa kwenye lebo ni la nyumba za kale za Ulaya, kama nyuzi 16 hadi 18, si la sebule ya Nakuru saa nane mchana yenye mabati juu? Grenache ikipata joto, kileo kinapanda puani na tunda linapotea. Nusu saa kwenye friji inaiponya. Asiye na friji aiache sakafuni usiku kucha, mji huu una usiku wa kutosha wa baridi.

Kwa chakula, dawa ni nyama choma ya Kikopey, pale Gilgil barabarani. Mbuzi choma ana mafuta na chumvi, na chumvi huifanya Grenache ionekane nono zaidi. Kachumbari ndiyo yenye hila: ukiikamulia ndimu nyingi, mvinyo usio na uchachu mwingi unaonekana umeishiwa nguvu, umelala. Pilipili nayo huuchochea ukali wa kileo. Punguza vyote viwili, au subiri umalize kachumbari ndipo unywe.

Grenache iliyofunguliwa haingoji. Hewa huimaliza upesi kuliko nyekundu nyingi, kwa hiyo funga, weka baridini, uimalize kesho. Keshokutwa itie kwenye sufuria ya nyama.

Na je, wajua kwamba Grenache ina siku yake duniani? Ni Ijumaa ya tatu ya Septemba, inayoadhimishwa tangu 2010. Mwaka huo huo wa 2010 Kenya ilipata sheria ya vileo iliyoletwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inayosema baa siku za kazi zifunguliwe saa kumi na moja jioni. Anayetaka kuanza sherehe mchana, aanzie nyumbani.