Ngozi ya kupandikizwa: kwa nini daktari hutazama damu kwanza

Kidonda kidogo hujifunga chenyewe. Ngozi ya kandokando husogea taratibu, pengo huzibika, na kovu likabaki. Lakini mtu aliyemwagikiwa maji ya moto shingoni na kifuani, au aliyegongwa na gari hata mfupa wa mguu ukaonekana, hana ngozi ya kutosha kandokando ya jeraha. Hapo daktari wa upasuaji hulazimika kuitafuta mahali pengine katika mwili wa mgonjwa huyo huyo.

Wasikilizaji wengi wamekwisha kusikia habari za kupandikiza ngozi. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba njia ziko mbili, na kinachozitenganisha ni damu.

Njia ya kwanza ni kipandikizi. Daktari huchukua utando mwembamba wa ngozi, mara nyingi kutoka pajani, akauondoa kabisa na kuutandaza juu ya kidonda. Unapofika hapo hauna mshipa hata mmoja unaoulisha. Kwa siku mbili hivi huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda. Kisha mishipa midogo huanza kuungana, na kati ya siku ya tano na ya saba damu huwa inapita vizuri. Damu au usaha ukikusanyika chini yake, au kiungo kikitikisika, muungano huo huvunjika na ngozi hufa. Ndiyo maana bendeji hufungwa imara, na wauguzi hukataza isiguswe kabla ya wakati. Paja nalo hupona lenyewe, kwa kawaida katika wiki mbili hivi, kwa kuwa tabaka la ndani la ngozi limeachwa mahali pake.

Kipandikizi, kama mche, huhitaji udongo wenye rutuba. Juu ya nyama nyekundu yenye damu hushika. Juu ya mfupa mtupu uliopoteza utando wake, au juu ya kano iliyo wazi, hakishiki, kwa sababu hapana damu ya kukilisha.

Kwa jeraha la namna hiyo hutumika njia ya pili, ambayo madaktari huiita flapu. Hili ni pande la ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, pengine na msuli pia, linalohamishwa likiwa na mshipa wake wa damu. Haliombi chakula kule liendako, huenda nacho. Huko India, tangu zamani, ngozi ya paji la uso iligeuzwa chini ikajenga pua iliyokatwa, na habari za upasuaji huo zilichapishwa London mwaka 1794.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta maelfu ya askari waliovunjwa nyuso. Mwaka 1917, katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliona kingo za flapu ndefu zikijikunja. Akazishona pamoja zikawa mfano wa bomba. Damu ilipita ndani, na vijidudu vikazuiwa nje, wakati ambapo penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ncha moja ya bomba ilipokwisha kushika mahali papya, baada ya wiki kadhaa, ile nyingine ilikatwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa hadubini, madaktari wameweza kukata mshipa wenyewe, wenye upana wa milimita chache tu, na kuushona na mwingine mbali na hapo siku ile ile.

Utaalamu huo una historia yake Afrika Mashariki pia. Archibald McIndoe, ndugu wa ukoo wa Gillies, aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, alishirikiana na madaktari Michael Wood na Tom Rees mwaka 1957 kuanzisha huduma ya Madaktari Warukao, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF.

Mara nyingi mzazi wa mtoto aliyeungua husema: chukueni ngozi yangu. Maneno hayo ni ya upendo, lakini mwili wa mtoto utaikataa ngozi hiyo baada ya muda mfupi. Yaweza kufunika jeraha kwa muda tu. Ile ya kudumu hutoka kwake mwenyewe, au kwa pacha wake wa kufanana.

Mzazi ana msaada mwingine wa kutoa, nao ni kutochelewa. Jeraha kubwa la moto likiachwa lipone lenyewe shingoni, kwapani au kwenye vidole, kovu hujikaza mwezi baada ya mwezi, hata kidevu kikavutwa kifuani na mkono usinyooke. Na mgonjwa mtu mzima anayevuta sigara aache kabla ya upasuaji na baada yake, kwa sababu tumbaku huibana mishipa midogo ambayo ngozi mpya inaitegemea kwa uhai wake.