Meza ya Marafiki katika Migahawa Midogo ya Lyon

Katika jiji la Lyon, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mahali ambapo mto Saône unaingia katika mto Rhône, kuna migahawa midogo ya mtaani iitwayo bushoni (kwa maandishi ya Kifaransa, bouchon), ambamo marafiki hukutana kula, kunywa na kuzungumza. Ukumbi wake kwa kawaida ni mwembamba, meza hufunikwa vitambaa vya mirabaraba vyekundu na vyeupe, na husogezwa karibu kiasi kwamba anayetaka kwenda msalani huwalazimu walaji wa meza ya jirani kuvuta viti vyao. Ukaribu huo, ambao mgeni anaweza kuudhani kuwa pambo la kuvutia watalii, una asili yake katika ufinyu wa mahali na uchache wa fedha za wateja wa awali.

Miongoni mwa wateja hao walikuwamo wafumaji wa hariri wa kilima cha Croix-Rousse, ambao katika karne ya 19 walianza kazi alfajiri na baadaye asubuhi wakala mlo mzito wa soseji, nyama za ndani na divai. Nyama za ndani zilipendelewa kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya mnofu, na hadi leo zina nafasi kubwa katika orodha ya vyakula: utumbo wa ng'ombe, kwa mfano, huchemshwa hadi ulainike, hulowekwa katika divai nyeupe, hupakwa chenga za mkate, kisha hukaangwa. Msomaji aliyezoea supu ya utumbo hataona ajabu kiungo chenyewe, bali ukavu wa gamba lake.

Sifa ya upishi wa Lyon ilijengwa kwa kiasi kikubwa na wanawake, walioitwa akina mama wa Lyon, ambao wengi wao walikuwa wapishi katika nyumba za matajiri kabla ya kufungua migahawa yao wenyewe. Eugénie Brazier, aliyezaliwa mwaka 1895 na kukulia shambani, alifungua mgahawa wake mwaka 1921, na ilipofika mwaka 1933 migahawa yake miwili ilipewa, kila mmoja, nyota 3, ambazo ndizo daraja la juu kabisa katika Michelin, kitabu cha kutathmini migahawa. Paul Bocuse alijifunza kazi jikoni mwake, ingawa leo, pasipo haki sana, jina la mwanafunzi limevuma kuliko la mwalimu.

Chakula kinachodai ustadi zaidi ni keneli. Nyama ya brochet, samaki wa maji baridi mwenye miiba mingi ya kuudhi, hupondwa na kuchujwa, ikachanganywa na mayai, siagi na donge la unga, ikafinyangwa na kuchemshwa polepole, kisha ikaingizwa katika tanuri pamoja na mchuzi wa krimu na kamba wa mtoni, humo ikafura. Kwa kuwa hunywea upesi ikishatoka motoni, mhudumu anapoileta hata mabishano makali ya siasa hukatizwa kwa muda.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kilichotambuliwa hapo si chakula fulani, bali desturi ya watu kukusanyika mezani na kula kwa utaratibu: kitangulizi, chakula kikuu, jibini, kisha kitindamlo. Desturi hiyo huonekana hata katika malipo. Bei iliyoandikwa hujumuisha huduma, hivyo bakshishi ni hiari. Mkate na jagi la maji ya bomba havitozwi. Na bili haiji mpaka iombwe, kwani kuileta mapema ni kama kuwafukuza walaji. Jikoni, hata hivyo, hakungoji mtu: wanaofika saa nane na nusu mchana aghalabu huambiwa warudi saa moja usiku.