Mashine ya mazoezi huchaguliwa kwa mguu, si kwa macho

Ukibisha hodi katika nyumba zetu za Mombasa siku hizi, toka Kibokoni mpaka Bondeni, na ng'ambo huko Likoni na Kisauni, mara nyingi utakikuta kitu ambacho wazee wetu hawakukijua. Ni chombo cha chuma kilichosimama pembeni mwa ukumbi, kina vikanyagio viwili na mikono miwili mirefu, na juu yake yameanikwa makanzu, mabuibui na taulo za watoto. Chombo hicho kilinunuliwa kwa maelfu ya shilingi ili kipunguze unene na kuzuia maradhi. Leo kimekuwa kamba ya nguo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na hapana shaka walikuwa na maana yao, kwamba mvivu hakosi sababu. Lakini katika jambo hili nawaomba radhi wahenga. Hapa asiyechagua jembe ndiye asiyelima. Nimeziona mashine za namna hii nyingi, na nyingi katika zile zilizoachwa hazikuachwa kwa uvivu. Ziliachwa kwa kuwa hazikumfaa aliyenunuliwa.

CHOMBO CHENYEWE

Jina lake ni elipitiko, kutokana na njia unayoipita mguu. Pedali ya baiskeli huzunguka duara. Kikanyagio cha elipitiko hupita duaradufu, yaani duara lililobanwa likawa refu mfano wa yai. Mguu huenda mbele, hushuka, hurudi nyuma, hupanda, na muda wote huo haubanduki pale ulipokanyaga. Ni kama mtu anayetembea hewani. Kampuni ya Precor ya Marekani ndiyo iliyokitia sokoni mwaka 1995 kwa ajili ya vyumba vya mazoezi, na baadaye kikaingia majumbani.

Faida yake iko katika huko kutobanduka. Mtu atembeapo au akimbiapo barabarani, mguu hugonga chini kila hatua, na kile kishindo hupokewa na kifundo, goti na nyonga. Kwenye elipitiko hakuna kishindo, na mikono nayo hufanya kazi pamoja na miguu. Tena, mashine ya mkanda wa kukimbilia yataka injini na stima. Elipitiko nyingi za nyumbani huzuiwa kwa sumaku, na injini yake ni wewe mwenyewe. Stima ikipotea, kazi haisimami.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Mwenye magoti mazima na nafasi ya kutoka, mimi nitamwambia ahifadhi pesa zake, aende akatembee Mama Ngina baada ya alasiri. Upepo wa bahari ni bure bilashi. Mashine hii ni ya yule ambaye njia imemfungia.

DADA YANGU

Miongoni mwa waliofungiwa njia ni dada yangu mkubwa. Ana umri wa miaka 63, anakaa orofa ya pili katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, na ana maradhi ya sukari na magoti yenye kuuma. Daktari alimwambia ni lazima autingishe mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 mpaka 300 kila wiki, na wazee hawakuachwa nje ya hesabu hiyo. Lakini dada alikuwa hashuki tena ila kwa msiba au harusi, na mara ya mwisho hata harusi ilimshinda, akatuma tunza tu. Nilishikwa na hofu. Mama yetu alianza hivyo hivyo, kwa kuacha kushuka ngazi, na akaishia kitandani.

Kijana wake aliyeko Doha akatuma pesa, na pamoja na pesa akatuma picha kwa simu. "Mjomba, hii ndiyo nzuri," akaniambia. "Ina kioo cha rangi na inahesabu mapigo ya moyo." Dada yake hapa akasema la, ichukuliwe ile ndogo ya bei nafuu, kinachobaki kinunue dawa. Wakavutana kwa muda mrefu, kila mmoja kwa mapenzi ya mama yake.

Nikawauliza, "Na mama yenu amesemaje?"

Simu ikanyamaza. Hakuna aliyemwuliza. Na mwenyewe nilipomwuliza, akanijibu kwa uchungu: "Ndugu yangu, mwataka nikwee bembea kwa uzee huu? Nianguke, kisha mniuguze?"

Basi tukakubaliana kwamba hakitanunuliwa kitu mpaka yeye mwenyewe akikanyage. Tukamshusha ngazi taratibu, tukamtia katika tuktuk, tukamfikisha dukani. Akavaa suruali pana ya kanzu na shalwari na viatu vya mpira, kwa kuwa buibui na leso hazitakiwi karibu na vikanyagio vinavyozunguka.

UREFU WA HATUA

Kijana wa duka akatutangulia kwenye mashine ya kwanza. "Ami, hii ndiyo inayopendwa," akasema. Ilikuwa nyembamba, na hatua yake ilikuwa fupi, kama inchi 12. Dada akaikwea, akazungusha mara nne tano, akashuka. "Hii yanipandisha ngazi," akasema. "Ngazi ninazo nyumbani."

Hakuna mwalimu ambaye angelieleza jambo hilo vizuri zaidi. Hatua ya mashine ikiwa fupi kupita kiasi, mguu hauendi mbele na nyuma kama mwenye kutembea, bali hupanda na kushuka tu, na goti hukunjwa sana. Mashine ya pili ilikuwa kubwa kama zile za vyumba vya mazoezi, hatua yake inchi 20. Dada yangu ni mfupi, hazidi futi tano na inchi moja. "Na hii yanipasua," akasema. Ya tatu ilikuwa na hatua ya inchi 16. Akaikanyaga dakika mbili, kisha akaanza kunisimulia habari za mchumba wa binti ya jirani. Hapo nikajua tumefika. Mwenye kusimulia hajachoka, wala haogopi.

Kwa kipimo cha jumla, mtu wa futi tano na kidogo hutoshwa na hatua ya inchi 14 mpaka 16. Wa futi tano na nusu atafute 16 mpaka 18. Mrefu zaidi ya hapo ataka 18 mpaka 20, pengine kuzidi. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Hakimu ni mguu.

Yako na mengine ya kutazamwa hapo hapo dukani. Vikanyagio viwe karibu karibu, kwani vikiachana sana nyonga hulalamika. Iwepo mikono isiyosogea, ya kushika wakati wa kupanda na kushuka. Gurudumu zito lililo ndani ndilo lenye kuulainisha mwendo. Likiwa jepesi sana, mwendo hukwamakwama. Mwambie mnene kuliko wote nyumbani aikwee, uone kama yayumba, na usome uzito wa mwisho ulioandikwa na mtengenezaji. Ukiandikwa kilo 100, asiikanyage wa kilo 98 akadhani yuko salama daima. Kile kioo cha rangi kiwe cha mwisho. Hesabu zake za nguvu iliyotumika ni za kukisia tu.

NYUMBA NAYO IPIMWE

Watu wengi huipima mashine wakasahau nyumba. Binti alikuwa amekwisha kuchagua chumba cha juu chini ya mabati, ili mama asionekane. Nikachukua futi kamba. Kikanyagio kikifika juu, mguu waweza kuwa inchi 10 mpaka 15 kutoka sakafuni. Kwa hiyo chukua urefu wa mtu, uongeze inchi 15, kisha uache nafasi ya kichwa. Dada mwenyewe angelienea. Binti, ambaye ana futi tano na inchi nane, angelifika inchi 83, na upande ule bati halifiki futi saba na nusu. Tena joto la chumba kile mchana lingemwuguza mzima.

Tukaichagua pembe ya ukumbi, penye dirisha la kuingiza upepo na pazia la kuleta sitara. Vyumba vyetu vya kale ni vyembamba, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wake. Mashine ya futi tano au sita yafaa iwekwe karibu na ukuta, si katikati ya boriti, na kwanza aitwe fundi azitazame boriti zenyewe, maana nyumba nyingine zimekula chumvi miaka mingi. Chini yake tukatandika mpira mzito, ili jirani wa chini asikosane nasi alfajiri. Ngazi nazo tukazipima, kwa sababu mashine nzuri huweza kuzidi kilo 50, na kona za ngazi za Mji wa Kale hazina huruma. Ililetwa vipande vipande, ikaungwa juu. Na kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma, hupanguswa kila ikishatumiwa, na misumari yake hukazwa kila mwezi.

MATUMIZI

Siku ya kwanza dada alifanya dakika tatu. Ndivyo ipasavyo. Kiasi kizuri ni kile ambacho mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mwenye sukari, hasa anayetumia sindano au vidonge vya kuishusha, na amwulize daktari wake kwanza, aweke tende karibu naye sukari isije ikashuka ghafla, na aitazame miguu yake kila siku asije akawa na kidonda asichokisikia. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja, atafute daktari. Mwezi wa Ramadhani, mwenye afya hufanya kidogo baada ya futari au baada ya tarawehe. Mgonjwa hafuati mazoea ya jirani, hufuata daktari.

Sasa ni miezi minne. Dada hufanya dakika 20 baada ya swala ya alfajiri, kumi kumi, na katikati akapumzika. Sukari bado anayo na dawa zake hajaziacha, wala mtu asimdanganye mwenziwe kwamba chuma hutibu. Lakini Mfungo Sita alishuka ngazi kwenda Maulidini, na wakati wa kurudi alipumzika mara moja pale ambapo zamani alikuwa akipumzika mara tatu.

Basi, wewe uliyeko Doha, Muscat au London unayetaka kumtumia mzazi wako mashine, mapenzi yako yajulikana na Mungu atakulipa. Tuma pesa, usitume picha. Mwache mama aende dukani na viatu vyake, na wewe mwambie nduguyo achukue futi kamba. Mwili ni amana ya mwenyewe, na mwenye amana ndiye wa kuulizwa.