Watu Ndio Mtaji wa Kwanza wa Kijiji: Kwa Nini Nguvukazi Ihesabiwe Kabla ya Msimu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja watu na ardhi miongoni mwa mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee, sambamba na siasa safi na uongozi bora. Zaidi ya nusu karne baadaye, hoja hiyo bado ina uzito. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na karibu wawili kati ya kila watatu walikuwa wakiishi vijijini, ambako kilimo ndicho kazi kuu. Hata hivyo, kaya nyingi zinapopanga msimu huhesabu ekari, mbegu na mbolea, bila kuhesabu watu watakaofanya kazi na siku walizonazo.

Ekari hupimwa kwa siku za kazi

Tuchukulie mfano wa kaya yenye watu wazima watatu na shamba la mahindi la ekari tatu. Iwapo mtu mmoja hutumia siku kumi kupalilia ekari moja kwa jembe la mkono, kazi yote ni siku 30, nao watatu wataimaliza kwa siku kumi. Mmoja akiugua malaria, au akibaki nyumbani kumuuguza mtoto, wawili waliosalia watahitaji siku 15.

Tofauti hiyo ya siku tano si ndogo. Palizi ya kwanza ya mahindi hushauriwa ifanyike katika wiki ya pili au ya tatu baada ya mbegu kuota. Ikichelewa, magugu hunyang'anyana na mahindi maji, mwanga na rutuba, na mbolea iliyonunuliwa kwa ruzuku huishia kulisha magugu. Kaya hiyo ingelima ekari mbili tu, hata watu wawili wangemaliza palizi kwa siku kumi. Kwa hiyo ukubwa wa shamba unapaswa kulingana na mikono iliyopo, isipokuwa kama kaya ina uwezo wa kukodi trekta, kutumia jembe la kukokotwa na ng'ombe au kulipa vibarua.

Jasho lina bei

Kazi ya familia haiandikwi popote, hivyo huonekana kama ya bure. Tuseme ekari moja imechukua siku 40 za kazi kuanzia kulima hadi kupukuchua, na kibarua hulipwa shilingi 5,000 kwa siku. Nguvukazi pekee imegharimu shilingi 200,000. Mavuno yakiwa magunia kumi, kila gunia limebeba shilingi 20,000 za jasho, kabla ya kuongeza mbegu, mbolea na usafiri. Mkulima asiyejua kiasi hicho hupokea bei yoyote na kudhani amepata faida.

Hapo ndipo madhara ya lumbesa yanapoonekana. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu mazao ya shamba kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Mkulima anayeuza magunia matano yenye kilo 120 kila moja kwa bei ya gunia la kawaida ametoa kilo 100 bila malipo. Kwa hesabu yetu, hizo ni siku nne za kazi zilizopotea. Mizani ya kijiji au ya chama cha ushirika, kwa hiyo, hulinda nguvu za watu kama inavyolinda mazao yao.

Anayefanya kazi ashiriki kuamua

Sehemu kubwa ya kazi za shamba hufanywa na wanawake na vijana, ambao mara nyingi hawashirikishwi katika maamuzi kuhusu ardhi na mapato. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na wenza wanaweza kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa majina yao wote. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wajibu wa kijiji

Utaratibu wa kuunganisha nguvu si mgeni nchini. Wapare huuita msaragambo, na kwa njia hiyo wamechimba na kutunza mifereji ya umwagiliaji. Kaya zinaweza kupangiana zamu za palizi ili shamba la mwenye mgonjwa lisiachwe nyuma. Kijiji nacho kinaweza kuhakikisha kisima kimetengenezwa kabla ya mvua, kwa kuwa kila saa ya kufuata maji mbali wakati wa palizi hupunguzwa kwenye shamba. Mtoto, kwa upande wake, abaki shuleni: elimu yake ni nguvukazi ya kijiji ya miaka ijayo.

Mahali pa kuyapanga hayo ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ambao hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wananchi wanashauriwa kufika katika mkutano unaotangulia msimu wakiwa na mambo matatu yaliyoandikwa: idadi ya watu wanaofanya kazi katika kaya, siku walizonazo na ekari wanazokusudia kulima. Afisa Ugani wa eneo husika anaweza kuwasaidia kulinganisha hesabu hizo na mahitaji ya zao, kabla fedha ya mbegu haijatumika.