Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Kongwe: Pima Kasha Kabla ya Kufungua Mkoba

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kompyuta ya mezani haikununuliwa mpya. Ilikuwa ya ofisi Ulaya au Ghuba, ikawatumikia makarani kwa miaka kadhaa, kisha ikapakiwa kwenye kontena, ikashuka bandarini na kuuzwa kwa bei ambayo familia ya kipato cha wastani yaiweza. Mama huinunua kwa ajili ya masomo ya wanawe. Mwaka haujesha, kijana amekwisha kutia michezo ndani yake, na mara anarudi na ombi: kompyuta yakwama, yataka kadi ya grafiki. Ombi hilo si dogo. Kadi moja yaweza kumeza fungu zima la chama, na mama anayeombwa aghalabu hana njia ya kujua kama anachoombwa ni haja au ni tamaa, wala kama kitu hicho kikinunuliwa kitafanya kazi. Tumeonelea tumpe maelezo ya kumwezesha kuuliza maswali yake mwenyewe, nyumbani na dukani.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jibu haliko dukani, liko ndani ya kasha la kompyuta iliyopo mezani. Muuzaji atataja majina ya kadi na nambari zake, na kijana atakuwa amekwisha kuzihifadhi moyoni. Lakini ni ipi kati ya hizo itakayoingia, itakayopata umeme wa kutosha na itakayofanya kazi, hilo laamuliwa na kompyuta yenyewe.

Picha tunayoiona kwenye skrini ni mkusanyiko wa nukta. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili, na mchezo unaokwenda vizuri huzichora zote upya mara 60 kwa kila sekunde. Prosesa ya kompyuta ni hodari wa hesabu za kufuatana, moja baada ya nyingine. Kazi ya kuchora nukta milioni mbili kwa pamoja humlemea. Kadi ya grafiki ina mamia ya vijiprosesa vidogo vinavyofanya hesabu kwa wakati mmoja, na ina kumbukumbu yake mahususi. Kompyuta ya ofisi aghalabu haina kadi hiyo. Hutegemea sehemu ndogo ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa, nayo huazima kumbukumbu ya kompyuta. Ndiyo maana kompyuta inayoandika barua na kufungua vitabu vya masomo bila taabu hutaabika pindi mchezo unapofunguliwa. (Ikiwa iliyopo nyumbani ni kompyuta ya kupakata, mazungumzo yaishie hapa: karibu zote haziruhusu kubadilishwa sehemu hiyo.)

Tuchukue mfano mmoja ulioenea sana miongoni mwa kompyuta za mtumba, nao ni Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne. Kompyuta hii ilitengenezwa kwa makasha ya namna mbalimbali. Lipo lile la mnara, pana na refu. Lipo jembamba linalolazwa chini ya skrini. Na lipo dogo kabisa, mfano wa kitabu, ambalo halina pa kuchomekea kadi. Pawa saplai ya mnara hutoa wati 290, na ya kasha jembamba wati 255. Nambari hizi mbili zina uzito kuliko jina lolote la kadi, kwa sababu ndizo bajeti ya umeme ya nyumba nzima: prosesa, diski, feni, na huyo mgeni anayekuja.

Kadi huchomekwa kwenye sloti ndefu ya ubao mkuu, na sloti hiyo haiwezi kuipa zaidi ya wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huja na tundu la ziada la umeme ubavuni, na waya wake lazima utoke kwenye pawa saplai. Kompyuta hizi za ofisi hazikuwekewa waya huo. Wengine hushauri pawa saplai ibadilishwe. Kwa mnara yawezekana, ila Dell walitumia hapo plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo hutakiwa waya wa kubadilisha plagi; kwa kasha jembamba, pawa saplai ya kawaida haitoshei kabisa. Kwa maoni yetu, familia isiingie katika njia hiyo. Kila hatua yazaa gharama nyingine, na mwisho wake mtu amejenga kompyuta mpya juu ya msingi mkongwe.

Basi, zinabaki kadi zinazotosheka na wati 75. NVIDIA walitoa GTX 750 Ti mwaka 2014, GTX 1050 Ti mwaka 2016, na GTX 1650 mwaka 2019. Upande wa AMD ipo RX 6400 ya mwaka 2022, inayotumia wati 53 pekee. Mwaka 2024 ikaja RTX 3050 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70. Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kufungua macho, kwani ipo RTX 3050 nyingine iliyotangulia, ya gigabaiti 8, inayotaka wati 130 na waya wa ziada. Jina ni moja, bidhaa ni mbili. GT 1030 nayo iko hivyo: ilitoka kwanza na kumbukumbu ya kasi, kisha ikatolewa nyingine kwa jina lilelile yenye kumbukumbu ya DDR4, nzito mno kwa michezo. Hata GTX 1650, baadhi ya watengenezaji huiwekea tundu la umeme na wengine hawaiwekei. Kwa hivyo haitoshi kutaja jina. Itazame kadi yenyewe ubavuni.

Mwenye mnara tungemshauri GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. GTX 1050 Ti ni rahisi zaidi na bado yaweza kazi, lakini mwezi wa Oktoba 2025 NVIDIA walihitimisha utoaji wa kawaida wa draiva mpya kwa kadi za kizazi hicho, pamoja na cha GTX 750 Ti, wakabakisha marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Michezo ya zamani itaendelea kuchezeka. Michezo mipya ndiyo itakayoanza kukataa. RTX 3050 ya gigabaiti 6 ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi, ila prosesa ya mwaka 2013 haitaweza kuilisha kazi ya kutosha, na sehemu ya fedha italala bure.

Mwenye kasha jembamba hana uhuru huo. Kwake kadi yafaa iwe ya kimo kifupi, na pia iwe nyembamba, kwani nyingi zina feni nene zinazokalia nafasi mbili. RX 6400 hupatikana kwa umbo hilo. Kasoro zake zisemwe wazi. Hutumia njia nne tu za mawasiliano kati ya 16 za sloti, na ilibuniwa kwa ubao wa kizazi kipya ambao kila njia yake ina kasi maradufu; kwenye kompyuta kongwe hupoteza sehemu ya nguvu zake. Pia haina sehemu ya kusaidia kurekodi video, kwa hivyo kijana anayetamani kurekodi michezo yake na kuirusha mtandaoni ataona prosesa ikilemewa. Kadi za Arc za Intel nazo, hata bei yake ikivutia, ziachwe: zimetengenezwa kwa bodi za kisasa, na kwenye kompyuta za umri huu hufanya kazi kwa unyonge.

Kabla ya yote hayo, fungueni kasha mtazame vijiti vya kumbukumbu. Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa na kijiti kimoja cha gigabaiti 4. Ukitia viwili vinavyolingana, gigabaiti 8 kwa jumla, prosesa husoma vyote kwa pamoja, na ile sehemu ya grafiki inayoazima kumbukumbu hupata karibu mara mbili ya upana wa njia. Ukiongeza na kupanguswa vumbi na kutiwa upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, mchezo wa wastani waweza kuchezeka bila kadi yoyote. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kadi, na haipotei, maana hata kadi ikija baadaye kumbukumbu hiyo itahitajika. Kijana anayekubali kuanza hapa, aghalabu ni yule anayejua anachokitaka.

Liko na suala la mfumo. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha nne. Michezo mingine ya mashindano, Valorant ukiwa mmojawapo, hudai kwenye Windows 11 ulinzi ambao ubao wa mwaka 2013 hauna. Mchezo kama GTA V, ulioingia kwenye kompyuta mwaka 2015, hautataabisha kadi tulizozitaja. Kwa hiyo mwulize mwanao jina la mchezo, kisha msome pamoja mahitaji yake kabla ya kwenda sokoni. Ikiwa mchezo anaoutaka wakatazwa na prosesa au na mfumo, kadi haitamsaidia.

Sokoni, nyingi ya kadi hizi zimekwisha kutumika. Baadhi ya kadi kubwa zinazouzwa rahisi zilichimbia sarafu za kidijitali mchana na usiku hadi tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji, wenyewe wakazimwaga sokoni. Hizo karibu zote zinataka umeme mwingi kuliko huu wetu, basi tuzipite. Cha kuhofia zaidi ni kadi bandia. Wapo wanaochukua kadi kongwe, mathalan GTX 550 Ti, wakabadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kizazi cha 1050 Ti hakina uwezo wa kutoa picha ya VGA moja kwa moja. Ukiona kadi inadai jina hilo na ina tundu la VGA, tundu hilo latosha kukutia shaka. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huisoma chipu na kuandika wazi ikiwa ni bandia. Taka kadi ichomekwe na ichezeshe mchezo mbele yako kwa nusu saa, kisha uitazame meno yake ya dhahabu kama yameingia ukijani. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na madini. Fiqhi yetu yampa mnunuzi khiyari ya aibu, haki ya kurudisha bidhaa aliyofichwa kasoro yake. Ikumbusheni kwa upole, na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti.

Hesabu ya tokeni nayo isisahauliwe, ingawa haitishi. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nne kila siku hutumia uniti 0.3, yaani uniti 9 kwa mwezi, mbali na kompyuta yenyewe. Wapo kina mama wanaoona bora mtoto achezee nyumbani, mbele ya macho yao, kuliko kwenye mabanda ya kulipia mtaani, na hoja hiyo ina uzito. Kadi hiyohiyo yaweza kumfaa binti anayehariri video za arusi au kuchora miundo ya hina kwa kompyuta. Wakiitumia wawili, hata saa za kucheza zitagawika zenyewe.

Siku ya kuifunga, kompyuta izimwe na ichomolewe kabisa, na mtu aguse chuma cha kasha kabla ya kuishika kadi, ili chaji ya mwilini isiunguze chipu. Skrini ikiwa ya zamani yenye VGA pekee, nunueni pamoja na kadi kifaa cha kubadilisha kutoka HDMI. Kisha hakikisheni waya wa skrini umechomolewa kwenye tundu la zamani, lile la juu ya ubao, na kutiwa kwenye kadi. Mafundi huitwa mara nyingi kutazama kadi iliyodaiwa mbovu, wakakuta ni nzima, imekaa kimya, na waya ungali pale ulipokuwa.