Mtoe Bibi Nje Apate Jua

Leo tuzungumze juu ya mifupa ya wazee wetu.

Mwaka jana bibi mmoja alikuja katika zahanati ninapofanya kazi. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Nyonga zinauma, na kuinuka kwenye kigoda ni kazi kubwa." Nilimpa vidonge vya maumivu. Baada ya mwezi alirudi, nikampa vingine. Sikumwuliza mchana anashinda wapi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Nilipomtembelea nyumbani nilimkuta chumbani, dirisha limefungwa. Watoto wake wanampenda. Walimkataza kwenda shamba na kisimani, na hata kukaa uani, ili apumzike. Alikula ugali na mchicha. Dagaa waliwekewa vijana.

JUA HUFANYA NINI?

Mifupa hujengwa kwa madini ya kalsiamu. Tunayapata katika maziwa, dagaa na mboga za majani. Lakini ili madini hayo yatoke tumboni yaingie mwilini vizuri, vitamini D inahitajika. Vitamini hiyo ni kama mchukuzi. Asipokuwapo, gunia hubaki shambani.

Vitamini D hupatikana kidogo katika chakula. Sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi yetu inapopigwa na jua. Ngozi ya mzee huitengeneza kidogo kuliko ya kijana. Basi mzee ndiye anayehitaji jua zaidi, naye ndiye tunayemfungia ndani!

Vitamini D ikipungua sana, mifupa hulainika na kuuma. Misuli ya mapaja hulegea. Mzee huanguka na kuvunjika. Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena.

TUFANYE NINI?

1. Mzee akae nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Jua la alfajiri ni dhaifu. Jua la saa nne asubuhi linafaa. Likizidi ukali, ahamie kivulini. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii.

2. Apewe dagaa wazima pamoja na mifupa yao, samaki, kiini cha yai na maziwa.

3. Atembee kila siku. Ondoa mawe na vyombo njiani asijikwae.

4. Mzee mwenye ualbino asikae juani. Ngozi yake huungua na kupata saratani. Amwone mganga.

5. Usimnunulie vidonge vya vitamini D bila kupimwa. Vikizidi hudhuru figo. Tena, si kila maumivu ni ya mifupa. Mlete zahanati.

Bibi yule tulimpeleka hospitali, akapewa dawa ya vitamini D. Siku hizi hushinda uani akipukuchua mahindi. Mkongojo bado anao, lakini huinuka mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

Jana mzee wa nyumbani kwako alishinda wapi? Na dagaa walipoiva, nani alipakuliwa?